Lebo elfu tatu na korosho moja

Lebo niliyoichora mimi, kwa mikono hii hii, nusra imtoe roho mtoto wa watu. Naanza hapo moja kwa moja manake nikianza na salamu na maneno matamu nitakosa ujasiri wa kufika.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la pili. Nimetoka tarawehe, nimekaa barazani kwetu Kibokoni na kikombe cha kahawa tungu, simu ikalia. Mamangu mdogo kanipitishia ujumbe wa sauti wa mteja wake. Mama mmoja, sauti yatetemeka, asema mwanawe wa miaka sita amekula biriani baada ya futari, midomo imevimba, ngozi imetoka mabaka, apumua kwa shida, na wako njiani kwenda hospitali. Halafu akasema hivi: mtoto wangu ana mzio wa korosho, nimesoma pakiti yenu mbele na nyuma kabla sijapika, hakuna mahali pameandikwa korosho. Niambieni kweli, muna korosho humu?

Alikuwa amesoma. Hilo ndo lilinimaliza. Wengi wetu hatusomi, twafungua pakiti kwa meno twaendelea na maisha. Huyu mama alifanya kila kitu alichotakiwa kufanya, na akadanganywa na kazi yangu.

Mtoto alidungwa sindano, akalazwa usiku ule, kesho yake akarudi kwao. Alhamdulillah. Lakini nataka kuwaeleza ilikuwaje, kwa sababu najua kuna madisaina wengi wa rika langu hapa Mombasa wanaofanya vile vile nilivyofanya mimi, na bado hawajapigiwa hiyo simu.

Mamangu mdogo huuza viungo. Alianza jikoni kwake: bizari nyembamba, giligilani, iliki, mdalasini, anunua Marikiti, anika, kaanga, saga, tia kwenye vifuko, uzia majirani. Mwaka 2017 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti, na faini yake ikawa shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo, vile vifuko vyepesi vya nailoni vikawa na kesi, naye akaamua sasa afanye biashara kweli kweli. Leo ana chumba nyuma ya Ndia Kuu, ana mashine ya kusaga, ana wasichana watatu wa kupakia. Mzigo wake wafika madukani Likoni, Nyali, hata Malindi. Kwa mtu aliyeanza na kinu, hiyo si mchezo.

Mimi nilikuwa nimejifunza kuchora kwa YouTube. Nembo za vinyozi, mabango ya mechi, kadi za harusi. Aliponiambia, "Mwanangu, nifanyie lebo tatu nzuri," nikaona hii ndo nafasi. Masala ya pilau, masala ya chai, masala ya biriani. Shilingi 3,500 kila moja, bei ya familia.

Mazee, nilizichora. Nilikwenda kupiga picha milango ya Mji wa Kale, ile ya nakshi, nikatoa maua yake nikayapanga pembeni kwa rangi ya dhahabu. Nilikaa siku mbili nikichagua herufi. Siku mbili! Orodha ya viungo nilipewa kwa ujumbe wa sauti, nikaichapa kwa dakika tatu, herufi ndogo kabisa, rangi ya kijivu, chini kule, isiharibu maua. Nikamtumia picha. Akajibu kwa kidole gumba. Nikapeleka faili kwa mchapishaji, lebo za kubandika, elfu tatu kwa masala ya biriani peke yake.

Kile kidole gumba ndicho kilikuwa idhini. Hakukuwa na kingine. Hakuna aliyekaa na pakiti mkononi na daftari la mapishi kando akalinganisha mstari kwa mstari.

Tena kulikuwa na dalili mapema, na mimi nikaicheka. Nilipotengeneza lebo ya chai niliinakili ile ya pilau nikabadilisha jina na picha, na nambari ya kibali cha KEBS ikabaki ile ile ya pilau. Kwa wasiojua: kila bidhaa iliyopewa alama ya ubora ina nambari yake ya kibali chini ya alama, na mtu aweza kuituma kwa SMS kwenda 20023 aone kama ni ya kweli na ni ya nini. Kwa hiyo mtu angeshika masala ya chai, simu imwambie ameshika masala ya pilau. Kijana wa pale kwa mchapishaji ndiye aliyeona. Kijana tu wa mashine, wala si kazi yake. Tukacheka, nikarekebisha, nikamnunulia soda. Ningekuwa na akili siku ile ningejiuliza: kama huyu hangekuwapo, nani angeona?

Wiki mbili baadaye, Ramadhani ishaanza, wateja wakamwambia mamangu mdogo kuwa rojo la biriani laja jepesi. Akafanya anachofanya mpishi yeyote hodari. Akasaga korosho akatia. Rojo likawa zito, watu wakasifu, oda zikaongezeka. Na lebo? Lebo zilikuwa zimekaa rafuni, nzuri, za dhahabu, zabandikwa tu. Zile elfu tatu hazikujua kama jikoni kumebadilika kitu. Mimi pia sikujua. Sikuambiwa, na sikuuliza.

Usiku ule tuligombana. Nasema kweli, hatukuwa waungwana. Mimi nikamwambia, kwa nini hukuniambia? Yeye akanijibu, "Nawe uliniuliza lini? Ulinitumia picha ya maua, nami nikaona maua mazuri." Halafu akasema neno ambalo nimelisikia kwa watu wengi wazima hapa kwetu: kwani korosho ni sumu? Watu wa pwani twala korosho tangu enzi, miti iko Kilifi huko mpaka barabarani, na sisi hapa twajuana, mwenye tatizo si angeuliza.

Na hapo ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu hiyo hoja si ya kijinga. Ukienda kwa muuza viazi karai pale karibu na Fort Jesus, hana lebo na hahitaji. Amesimama mbele yako. Wamuuliza umetia nini, akwambia. Ukiona mafuta yamechoka waondoka. Mji wa Kale umekula hivyo miaka mingi na mfumo wenyewe wafanya kazi, kwa sababu chakula na mwenye chakula wako pamoja. Siungi mkono mtu anayetaka kila mama wa mbaazi na mahamri aandikiwe karatasi.

Lakini pakiti husafiri. Inaondoka Ndia Kuu asubuhi, adhuhuri imevuka feri, jioni iko jikoni mwa mtu asiyekujua wala hajui nyumba yako. Pale jikoni mpishi hayuko. Kilichobaki cha kuulizwa ni ile karatasi. Na karatasi itajibu kile ulichoiandikia siku ile ulipoiandika, hata kama wewe mwenyewe umeshabadilisha nia.

Kuna binti Mwingereza, Natasha Ednan-Laperouse, wa miaka 15. Mwaka 2016 alinunua mkate uliojazwa zeituni uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na mzio wa ufuta, na alizoea kusoma. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga wenyewe na karatasi haikusema kitu, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikulazimisha chakula kinachofungwa pale pale dukani kiandikwe viungo vyote. Akafariki siku ile ile. Wazazi wake walipigania sheria ibadilishwe, na tangu Oktoba 2021 Uingereza ina sheria iitwayo kwa jina lake: chakula kikifungwa dukani kabla ya mteja kukichagua, lazima orodha kamili iandikwe na vile vyenye mzio vionekane wazi. Nilisoma habari hiyo usiku ule ule saa nane, sikulala. Ufuta. Fikirieni kashata zetu, fikirieni halwa, fikirieni mkate wa mofa.

Sasa turudi kwa pakiti zetu. Asubuhi tukataka kuzirudisha. Tukadhani ni rahisi: tafuta zenye korosho, acha zisizo na korosho. Hapo tukagundua kosa la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Pakiti za mapishi ya zamani na pakiti za mapishi mapya zilikuwa na lebo ile ile, bila nambari ya bechi. Wasichana walikuwa wakigonga muhuri wa tarehe, basi, na tarehe zenyewe siku nyingine waligonga za wiki nzima kwa pamoja ili kumaliza kazi. Hatukuwa na njia yoyote ya kujua ipi ni ipi. Ile nambari ndogo isiyo na maana ambayo kila mtu huiona kama uchafu kwenye pakiti, ingekuwapo, tungerudisha labda mia mbili. Ikabidi turudishe zote. Nilizunguka na tuktuk siku tatu, na saumu, na jua lile, duka hadi duka. Pakiti 612 zilikuwa zimetoka. Tulipata 340 na kitu. Zilizobaki ziko matumboni, na tunashukuru tumbo zilikuwa salama.

Binamu yangu afanya kazi kiwandani, nje ya kisiwa, mambo ya vifungashio. Siku zote nilidhani kazi yake ni ya kuchosha. Alipokuja kufuturu kwetu nikamwambia yote, nikitarajia anihurumie. Akaniuliza swali moja: "Nani alisaini?" Nikamwambia kidole gumba. Akacheka mpaka kaimati ikamtoka mdomoni.

Akanieleza. Kwao hakuna kitu kiitwacho faili la mwisho. Kila mchoro una nambari yake na toleo lake. Mtu wa mauzo akitaka kubadilisha hata rangi, lazima ajaze karatasi ya kuomba mabadiliko, aseme nini, kwa nini, na kitaanza lini. Mtu wa mapishi asaini kwamba viungo ndivyo. Mtu wa ubora asaini kwamba viko kulingana na kanuni. Kisha mchapishaji arudisha prufu, na prufu nayo isomwe upya kama kwamba hakuna aliyewahi kuisoma, manake faili laweza kuwa sawa na mashine ikadondosha herufi. Na lebo za toleo la zamani haziachwi rafuni "tuzimalizie kwanza". Zahesabiwa, zaharibiwa, na kuharibiwa kwake kwaandikwa.

"Chukua boksi la dawa," akaniambia. Nikaleta dawa ya kichwa ya nyanya. Akafungua mfuniko wa boksi, akanionyesha kwenye ule ubavu wa kukunjwa, mahali ambapo macho hayaendi: nambari ndogo sana, na kando yake vimistari vichache vyeusi vilivyonenepa. Si ile mistari ya kuskeniwa dukani. Ile nambari ni ya mchoro wenyewe, toleo gani. Vile vimistari vyasomwa na mashine ya kupakia, ili boksi la dawa ya shinikizo lisijichanganye na boksi la dawa ya kichwa. Dawa yaweza kuwa safi kabisa ndani, ikarudishwa kutoka sokoni nzima nzima kwa sababu ya karatasi ya nje tu. Miaka yote nimemeza vidonge na sijawahi kuona hivyo vimistari. Na mimi ndo najiita mchoraji.

Kwa kweli kilichoniuma ni kuwa sisi watu wa hapa si wageni wa mambo haya. Pita Biashara Street, ingia kwa wauza kanga. Angalia mama zetu wanavyonunua. Hawaanzi na rangi, au wakianza na rangi hawamalizii hapo. Wafungua kanga, watafuta jina, wasoma, wacheka, warudisha, wachukua nyingine. Hakuna mwanamke wa Mombasa atakayevaa kanga ambayo hakusoma jina lake, kwa sababu ajua yale maneno yatasema akiwa amenyamaza. Na pembeni ya kanga zile mashuhuri za Kaderdina kuna maneno Mali ya Abdulla, ili ujue imetoka kwa nani. Nguo zenyewe nyingi huchapwa India. Herufi moja ikikosewa huko, ikifika hapa ni marobota mangapi? Huwezi kufuta kwa kifutio. Hao wazee wa Biashara Street wamesimamia michoro ya kuchapwa ng'ambo ya bahari tangu karne ya 19, bila kompyuta, na mimi nina kompyuta nikashindwa kusimamia mchoro unaochapwa dakika kumi kutoka kwetu.

Najua mtu atasema, haya yote ni ya makampuni makubwa, mama mwenye wasichana watatu atapata wapi mtu wa ubora na mtu wa kusaini. Kweli. Na kweli pia kwamba ukimtajia mfanyabiashara mdogo neno KEBS, uso wake wabadilika, aona gharama na safari na foleni. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilalamika. Lakini tuwe wakweli: korosho haikukosekana kwenye lebo kwa sababu ya ada ya kibali. Kuiandika kungegharimu neno moja. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye kazi ya kuuliza, na hilo halihitaji kiwanda.

Na hapa nawageukia madisaina wenzangu. Tunauza picha. Mteja aja, ataka kitu cha kuvutia, twampa, twapost, twapata sifa. Ukimuuliza mteja orodha ya viungo imetoka wapi, nani ameihakiki, ile nambari ya kibali ni ya bidhaa hii au ya nyingine, akuona unachelewesha. Basi mchelewesheni. Na lipisheni kwa hilo. Mimi siku hizi lebo ni shilingi 6,000, na nikiulizwa kwa nini nimepandisha, namwambia 3,500 ni ya kuchora, hiyo nyingine ni ya maswali. Wateja wawili wameniacha. Mmoja alirudi.

Mfumo wetu sasa ni daftari la shule, la mistari, la shilingi hamsini. Lakaa karibu na mashine ya kusaga, limefungwa kamba lisichukuliwe. Ukurasa mmoja kwa kila lebo, toleo la ngapi, tarehe, viungo vimeandikwa kwa kalamu kuanzia kizito hadi chepesi kama kanuni inavyotaka, na sahihi tatu: yake, yangu, na ya msichana anayepakia. Huyo wa tatu ndiye niliyempigania. Mamangu mdogo aliona ni kumpa mtoto makuu. Lakini yeye ndiye mikono yake imo ndani ya unga kila siku. Kikiongezwa kijiko, yeye ndiye wa kwanza kujua. Wiki ya kwanza tu alikataa kusaini, kwa sababu pakiti ilisema gramu 100 na mzani wake ulikuwa ukitoa 94.

Lebo mpya ina neno KOROSHO kwa herufi nzito, juu, nyeusi. Imekula nusu ya ua langu la dhahabu. Zile za zamani zilizobaki, elfu mbili na zaidi, tulizichana mimi na wasichana siku ya pili ya Idi, tukazihesabu. Moja nimeibandika juu ya kioo cha kompyuta yangu.

Yule mama tulimwendea nyumbani, mamangu mdogo na mimi. Tulibeba halwa kisha tukakumbuka halwa ina nini juu yake, tukairudisha kwenye tuktuk, tukaingia na matunda. Alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Mtoto alikuwa akicheza mpira koridoni, hakutujua. Mama hakutaka pesa. Aliuliza tu kama lebo imebadilishwa, akataka kuiona, akaisoma mbele na nyuma, polepole, nasi tumekaa kama wanafunzi mbele ya mwalimu. Kisha akasema masala ya pilau ataendelea kununua. Ya biriani hapana.

Juzi saa tano usiku simu ikalia tena, mamangu mdogo. Moyo ukanipasuka. Kumbe yuko na daftari mkononi.

"Mwanangu, bizari nyembamba imepanda bei Marikiti, nimepunguza. Giligilani sasa ndo nyingi. Yapanda juu kwenye orodha, au?"

Nikamwambia yapanda juu.

"Basi andika. Nami sibandiki hata moja mpaka uje usaini."

Nilikuwa nishavua viatu. Nikavivaa.